Ngisi, kibua, kamba, manyoya au kijiko? Chambo cha kuanzia kwa mvuvi wa mshipi Mtwara na Lindi

Swali ninaloulizwa sana pale ufukweni Mikindani linatoka kwa vijana ambao mshipi na ndoana wameshanunua, mtumbwi wameazima, na mfukoni imebaki hela ya kitu kimoja tu. Wanauliza: kaka, ninunue chambo gani? Wanataka neno moja, na neno lenyewe ninalo: ngisi. Hela ikiruhusu cha pili, basi manyoya meupe ya kurambaza, yaani ya kuburuta nyuma ya chombo kinachotembea.

Lakini neno moja halimtoshi mtu siku anapofika mwambani akakuta maji yamechafuka, au siku ngisi hawapo sokoni na kusi linavuma wiki ya pili mfululizo. Ndiyo maana nimeona niviweke vyambo vitano tunavyovitumia huku kusini kimoja kando ya kingine, ujue kila kimoja kinakupa nini na kinakunyima nini, kisha uchague kwa kuangalia mahali unapovulia. Vitatu ni vya nyama: ngisi, samaki wadogo kama vibua na dagaa, na kamba. Viwili ni vya kutengeneza kwa mkono: manyoya ya jogoo yanayofungwa kwenye ndoana, na kijiko cha chuma.

Tukubaliane kwanza tunatafuta nini. Kuna vyambo vya samaki mmoja. Mwani, kwa mfano, kwa tasi hauna mpinzani, kwa sababu tasi mwenyewe anakula majani. Lakini ukiupeleka kwa chewa utakesha. Anayeanza bado hajui chini ya mtumbwi wake kuna nani. Anahitaji chambo ambacho changu atakichukua, chewa atakichukua, na kolekole akipita naye hatakiacha. Kiwe kinakaa kwenye ndoana, maana kila ukipandisha mshipi kuweka chambo upya, muda huo huvui. Kifae jiweni chini, kifae na katikati ya maji. Na kipatikane bila kukopa.

Ngisi na kibua katika mtumbwi mmoja

Niliamini habari ya ngisi usiku mmoja wa maji mafu, mimi na mjomba tukiwa tumetia nanga nje ya Msangamkuu, pima 10 hivi. Usiku wa maji mafu ndio mzuri kwa mshipi wa chini, kwa kuwa mkondo ni mdogo na chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, linakaa pale ulipolishusha. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, kwetu hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3, na mkondo wake ukishika kasi mshipi unalala ubavu, hujui tena kama umegusa jiwe au samaki.

Mjomba alikuwa na vibua wabichi aliowanunua jioni ile. Mimi nilikuwa na ngisi wawili tu, waliobaki kwenye mboga ya nyumbani. Ndoana zetu zilikuwa za namba ileile, chubwi za uzito mmoja, tumekaa tumepeana migongo.

Saa ya kwanza alinipita mbali. Alipandisha changu wanne mimi sijaguswa hata mara moja, nikaanza kujilaumu kimoyomoyo kwa kubana matumizi. Kibua ana mafuta mengi, na yale mafuta yakishaanza kutoka yanasafiri na mkondo, samaki aliye mbali anayafuata hadi yalipotokea. Ngisi hana mafuta ya kutosha kufanya hivyo. Kwenye kuita samaki, kibua ni bora, wala sioni la kubishania.

Halafu wakaja wale wadogo. Kila mvuvi wa mshipi anawajua: huwaoni, unasikia tu vidoleni vile vidonoo vya harakaharaka, tik-tik-tik, kisha kimya. Mjomba akawa anashusha na kupandisha, anashusha na kupandisha.

"Mjomba, mbona hupumziki?"

"Wananinyonyoa, mpwa wangu. Chubwi halijagusa chini, ndoana imeshabaki tupu."

Kufika saa sita usiku vibua wake walikuwa wamekwisha, wameliwa karibu wote na samaki wasiozidi kidole. Mimi ngisi wa kwanza sikuwa nimemmaliza. Kipande kimoja kilinipa changu wawili na kikatumika tena, kimechanikachanika lakini bado kimeshika. Mjomba hakuomba, alinyoosha mkono tu nyuma ya mgongo wake nami nikamwekea kipande kiganjani. Chewa mkubwa wa usiku ule aliingia kwenye ndoana yake, kwa ngisi wangu, na hadi leo tukikutana na ndugu anamtaja chewa yule bila kuutaja ule mkono.

Sababu iko kwenye nyama yenyewe. Nyama ya kibua imegawanyika tabaka tabaka, laini, na ukiitoboa kwa ndoana inafunguka. Ngisi hana mfupa wala magamba. Mwili wake ni mfuko mmoja wa misuli iliyosokotana, mgumu kama raba. Mdomo mdogo unaweza kuuvuta lakini haumegi. Na kwa kuwa karibu kila samaki anayewinda baharini hula ngisi akimpata, kuanzia changu hadi jodari, huna haja ya kujua nani yuko chini ndipo uamue.

Wazee wengi wanavichanganya: kipande cha kibua kinatangulia kwenye ndoana kutoa harufu, kipande cha ngisi kinafuata kama kifuniko. Wadogo wakishakinyonyoa kibua, ngisi anabaki na ndoana haiendi tupu. Ukiwa na vyote viwili, fanya hivyo na usitafute njia nyingine.

Namna ya kumkata ngisi

Hapa ndipo wengi wanapopoteza ngisi mzuri, kwa hiyo nitakaa kidogo. Shika kichwa, kivute taratibu kitoke pamoja na matumbo. Ndani ya mfuko utakuta kitu kirefu, chembamba, kinachoangaza kama plastiki. Kivute nacho kitupe. Sasa pasua mfuko upande mmoja kutoka juu hadi chini, uufungue kama daftari juu ya ubao. Kata vipande vya urefu wa kidole cha shahada, upande mmoja upana wa kidole kidogo, upande wa pili umechongoka.

Kosa kubwa ni kukikunja kipande chote kwenye ndoana hadi kiwe donge. Donge halichezi majini, na ncha ya ndoana inazama kwenye nyama, samaki anauma wewe unavuta mpira. Toboa mara moja tu, au mara mbili kama kuna mkondo, kwenye ule upande uliochongoka, kisha uache upande mpana uning'inie huru na ncha ya ndoana ionekane. Mkia wa kipande upasue katikati kidogo, uwe na miguu miwili. Ukikishusha kwenye maji ya kina kifupi ukakitazama, utaona kinavyopepea. Kichwa chenye mikono yake usikitupe, hicho ndicho chambo cha chewa, kizima kizima, kwenye ndoana kubwa.

Na kwa wale wanaochanganyikiwa dukani: katika ndoana hizi za kawaida, namba ikipanda ndoana inapungua. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Nimewaona watu wakirudi na pakiti nzima ya ndoana za kuvulia vidagaa wakidhani wamenunua za chewa.

Udhaifu wa ngisi ni bei. Ni mboga nzuri na wanunuzi wa mjini wanamtaka, kwa hiyo chambo chako kinagombaniwa na sufuria. Huvuliwa usiku kwa taa, na bahari ikichafuka wenye taa hawatoki. Dawa yake ni chumvi. Siku wanapokuwa wengi, nunua wa ziada, uwakate, uwapange kwenye kopo kwa matabaka na chumvi ya mawe. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyama na kuifanya ngumu zaidi, na kopo linakaa siku nyingi bila barafu. Kibua pia anafaidika na chumvi, tena zaidi ya ngisi, maana ule ulaini wake unapungua. Kibua wa chumvi ni nusu ya njia kuelekea kwa ngisi.

Dome anafanya kazi ya ngisi bila tofauti yoyote, ila nyama yake ni nene, ikate nyembamba. Pweza anakaa kwenye ndoana kuliko wote, lakini mimi siwashauri. Pweza aliyekua ana thamani kubwa zaidi sokoni kuliko samaki utakaowapata kwa vipande vyake, na mdogo wa chini ya gramu 500 Kanuni za Uvuvi zinakataza kumvua. Kumkata pweza mchanga awe chambo ni kosa la sheria na ni kujiibia mwenyewe. Watu wa mwambao huu wanajua anavyoongezeka uzito akiachwa miezi michache tu.

Kibua hai ni habari nyingine. Ukiweza kumpata mzima, umtie ndoana mgongoni bila kumgusa uti, umwache aogelee nyuma ya mtumbwi, hakuna chambo kati ya hivi vitano kitakachomshawishi nguru au kolekole mkubwa kama yeye. Lakini inabidi kwanza umvue, umtunze kwenye ndoo ya maji unayoyabadilisha kila mara, na akifa umerudi kwenye kibua wa kawaida. Sio chambo cha mtu anayeanza.

Kamba, kwa mahali pake

Kamba ni chambo cha mikokoni. Mdomo wa Mto Lukuledi pale Lindi, vijito vya Sudi, maingilio ya Ruvuma: huko kamba ndio chakula cha kila siku cha samaki, na chaa na changu wa mikokoni wanamchukua bila kusita. Maji yenyewe ni ya tope, samaki anatumia pua kuliko macho, na kamba mbichi ana harufu inayotosha. Tumia ndoana ndogo, mtobolee mkiani, mwache na ganda lake, kwani ukimmenya hatakaa dakika moja.

Nje ya mikoko namwona ni hasara. Ni laini kuliko kibua na ni ghali kuliko ngisi.

Manyoya

Sasa tuache kutia nanga. Kurambaza ni kuvua chombo kikitembea, mshipi mrefu unaburutwa nyuma, na chambo kinakimbia karibu na uso wa maji. Huko ngisi wako wa kukatwa atazunguka kama tiara lililokatika kamba na kuusokota mshipi wote. Huko ndiko manyoya yanakotawala.

Ukifikiri vizuri inashangaza. Hakuna kuku baharini. Nguru hajawahi kuona jogoo. Lakini nguru anayekimbiza windo haangalii sura. Anaona umbo refu na jembamba, weupe wa tumbo, na kitu kinachokimbia kuokoa roho yake. Manyoya meupe ya shingo ya jogoo yakilowa yanashikana yakawa umbo hilohilo, na kwa kuwa ni laini, yanafumba na kufumbua kila chombo kinapopanda wimbi. Anayemtafuta dagaa anaona dagaa. Anayemtafuta ngisi mdogo anaona ngisi. Aliyezoea chuchunge naye ataona chuchunge. Chambo kisichofanana sana na kitu kimoja kinafanana kiasi na vingi, na ndiyo sababu nakiweka cha pili baada ya ngisi.

Wanaovua trauti, samaki wa mito ya baridi, wamelifahamu jambo hili zamani. Kule Kenya trauti walianza kuletwa na Waingereza mwaka 1905 na wakawekwa kwenye mito ya milimani. Ni samaki wa maji ya chini ya nyuzi 20, bahari yetu yenye nyuzi 25 hadi 30 wasingeiweza. Wavuvi wake wana mamia ya ndoana za manyoya, kila moja imefungwa ifanane na mdudu fulani wa mtoni. Lakini mvuvi wa trauti akiambiwa achague moja ya kwenda nayo kwenye mto asioujua, mara nyingi hutoa ile inayoitwa Woolly Bugger: mkia wa manyoya laini, mwili wa uzi wenye nywele, basi. Inaweza kuwa ruba, inaweza kuwa samaki mdogo, inaweza kuwa buu la majini. Samaki ndiye anayeamua ni kitu gani. Mto wa baridi na bahari ya Msimbati havifanani kwa lolote, ila jogoo ni yuleyule na akili ya kuchagua ni ileile.

Kufunga mwenyewe ni kazi ya nusu saa. Chagua ndoana yenye shingo ndefu. Chukua manyoya ya shingo ya jogoo mweupe, kama kumi, yaliyonyooka. Ya mgongoni ni mafupi na ya mkiani ni magumu. Yagawe mafungu mawili. Kila unyoya una upande uliobonyea na upande uliobinuka. Ukiyaweka mafungu yatazamane kwa upande uliobonyea, chambo kinakuwa chembamba na kinakimbia moja kwa moja. Ukiyageuza yapeane mgongo, yanatanuka na kupiga mateke. Mimi hupenda ya kwanza kwa chombo cha mashine na ya pili kwa ngalawa, kwani ngalawa mwendo wake ni wa polepole na chambo kinahitaji kujichezea chenyewe. Funga kwa uzi wa fundi viatu, nyuma kidogo ya tundu la ndoana, zungusha huku umekaza, ncha za manyoya zipite mpindo wa ndoana kwa upana wa vidole viwili. Zikipita zaidi ya hapo samaki atauma manyoya na kuiacha ndoana. Dondosha gundi kwenye uzi, acha ikauke hadi asubuhi.

Siku hizi wengi hutumia nyuzi za kamba ya nailoni iliyofumuliwa badala ya manyoya. Hazichezi vizuri kama manyoya, hilo nimeliona mara nyingi, lakini meno ya mzia yanayotafuna manyoya hadi yabaki vijiti hayazifanyi kitu. Nikiwa na ndoana mbili, moja ni ya manyoya, ya pili ni ya nyuzi, na siku samaki wakiwa na njaa kali sioni tofauti.

Waya usiusahau. Alfajiri moja mbele ya Msimbati nilipoteza manyoya matatu chini ya nusu saa, kila mara mvuto mmoja mkali kisha mshipi unarudi mwepesi, umekatwa kama kwa wembe. Ni nguru. Mjomba, aliyekuwa kwenye usukani, hakusema kitu hadi la tatu lilipokwenda. Akanitupia kipande cha waya kisichozidi shibiri moja. Nikakifunga kati ya mshipi na ndoana, na wa nne alipanda chomboni. Ila waya una gharama yake: jodari na ndugu zake wana macho makali, na mchana maji yakiwa maangavu wanaukwepa. Ukiona ndege wanajitosa na samaki wanarukaruka kwenye kundi la dagaa, toa waya. Alfajiri na jioni kando ya mwamba, weka waya.

Mtwara tuna bahati ambayo wengine hawana. Maji ya kina yako karibu na pwani, na ule mkondo mkubwa wa Ikweta ya Kusini unaokatiza Bahari ya Hindi kutoka mashariki unaigonga Afrika karibu na hapa, kisha unagawanyika, sehemu moja ikielekea kaskazini na nyingine Msumbiji. Kwa hiyo samaki wa maji makubwa huhitaji kuwafuata siku nzima. Upande wa Kilwa, visiwa na matumbawe ya Songo Songo yametapakaa mbali zaidi baharini, na huko kurambaza kando ya kingo za miamba kunalipa vilevile, ila mafuta ya mashine yanaliwa.

Hapo ndipo penye udhaifu wa manyoya. Bila mwendo hayana maana. Ukiyashusha ukiwa umetia nanga yananing'inia kama kitambaa. Kasia peke yake ni vigumu kuyapa mwendo wa kumdanganya nguru, ingawa mzia na kolekole wadogo wa mwambani alfajiri huja.

Kuna njia ya kuyafanya manyoya yavue hata chini. Mmarekani aitwaye Bob Clouser, mwaka 1987, alikuwa akivulia Mto Susquehanna huko Pennsylvania, akafunga kipande cha risasi chenye umbo la macho mawili mgongoni mwa ndoana, karibu na tundu. Uzito ule unaipindua ndoana, ncha inatazama juu. Ukiivuta inapanda, ukiiacha inapiga mbizi kichwa chini, na kwa kuwa ncha iko juu haikwami hovyo. Aliifanya kwa samaki wa mtoni, wavuvi wa baharini wakaichukua dunia nzima. Kwenye matumbawe yetu, yanayomeza ndoana kila siku, ninaipenda kwa hilo tu la kutokwama. Risasi ndogo mbili zilizobanwa pande mbili za shingo ya ndoana zinatosha, ilimradi zikae upande wa mgongo, mbali na ncha. Kwa manyoya ya namna hii unavua mtumbwi ukiwa umesimama, unavuta na kulegeza, vuta na kulegeza.

Kijiko

Kijiko ni bati au chuma cheupe kilichopinda, kinapepesuka na kumetameta kikivutwa. Wapo wanaokata vijiko vya mezani kwelikweli, wakatoboa pande mbili, na vinavua. Ukikiweka kando ya manyoya, kijiko kinazama zaidi, kinavumilia meno yote, na ni kizito vya kutosha kurushwa kwa mkono kutoka mwambani au gatini, jambo ambalo manyoya matupu hayawezi. Jua likiwa limepanda na maji meupe, mng'ao wake unaonekana mbali.

Maji yakichafuka kijiko kinapoteza zaidi kuliko chochote, maana kazi yake yote ni mwanga. Alfajiri ya giza kinabaki chuma tu. Kinauzungusha mshipi hadi usokotane kama hukuweka kile kichuma kidogo kinachozunguka kati yake na mshipi. Na ukikinasisha kwenye tumbawe, umekiaga. Nakiona ni chambo cha pili kwa anayevulia nchi kavu, na cha nne au cha tano kwa mwenye mtumbwi.

Kuhusu rangi watu hubishana hadi usiku wa manane, nami nitasema moja tu nililo na hakika nalo: wekundu ndio unaopotea kwanza majini. Ukivuka mita 10 hivi, chambo chako chekundu kinaonekana cheusi. Kwa hiyo usilipie zaidi kwa ajili ya wekundu kwenye kitu unachokishusha chini. Juu juu kwenye kurambaza, weupe, na buluu kidogo mgongoni, havijawahi kuniangusha.

Chagua kwa chombo ulicho nacho

Anayevulia mwambani kwa miguu, au gatini, aanze na ngisi wa chumvi kwenye kopo na kijiko kimoja mfukoni. Manyoya aachane nayo hadi apate chombo. Avue maji yanapojaa, na asisahau kuwa maji hayohayo yatamfuata nyuma yake. Msimbati na Mikindani kote nimeona watu wakizungukwa jiweni.

Mwenye mtumbwi wa kasia, ngisi na kibua pamoja, kama nilivyoeleza, na ndoana moja ya manyoya yenye risasi kwa ajili ya kuvuta na kulegeza. Yuleyule akiingia mikokoni Lindi, kibua ampishe kamba.

Mwenye ngalawa au boti ya mashine, manyoya mawili nyuma ya chombo wakati wa kwenda, ngisi akifika jiweni, manyoya tena wakati wa kurudi. Kwa huyu safari yenyewe ni uvuvi, na ni upotevu kuniambia alitoka Msangamkuu hadi jiweni bila mshipi nyuma.

Kusi likiwa kali, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo vinabaki ndani ya ghuba, na ghuba ya Mtwara na ile ya Mikindani zinakinga vizuri. Huo ni msimu wa kopo la chumvi. Kaskazi ikiingia na bahari ikalala, toa manyoya. Na ukikusudia kuvulia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, pita kwanza ofisini kwao uulize maeneo yanayoruhusiwa, leseni yako ikiwa mkononi. Mshipi na ndoana ni zana safi, inachukua samaki mmoja mmoja na kuliacha tumbawe mahali pake, na mwenye zana hiyo hana sababu ya kujificha.

Kwa yule kijana wa hela moja: nenda jioni hii, ngisi wakishashushwa, uchukue wadogo wa fungu ambao wapishi wamewaruka. Wakate usiku huuhuu, usingoje kukatia mtumbwini gizani huku kisu kinateleza. Chumvi konzi mbili, kopo lenye kifuniko. Na asubuhi ukipita uani ukamkuta mama anachinja jogoo mweupe, omba manyoya ya shingo kabla hajamwagia maji ya moto.